Baba alikufa na miaka 42, sasa mdogo wangu anaoa binti ami

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37. Kwetu Tanga, nimeolewa Dar es Salaam. Nakuandikia usiku, mume wangu kalala, maana mchana nikianza tu machozi yanatangulia.

Baba yetu alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 42. Alirudi msikitini alfajiri, akakaa barazani kusubiri chai. Mama alipotoka na birika alimkuta kaegemea ukuta, kashakata roho. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mnene, sigara hajui harufu yake, na mnazi alikuwa akiupanda kama kijana. Siku mbili kabla alikuwa amegombana na mdogo wake, ami yetu, juu ya shamba la minazi la Pangani. Mengine huna haja ya kuhadithiwa. Hitima haijasomwa, mtaa mzima ulishajua nani kamla. Ami hakukanyaga kwetu miaka kumi na tisa. Mwaka 2014, akiwa na miaka 51, alipelekwa India akawekewa vijibomba viwili kwenye mishipa ya moyo. Mama aliposikia alisema, "Malipo ni hapa hapa duniani."

Sasa Mungu ana mambo yake. Mdogo wangu wa kiume, ana miaka 29, alikutana na binti wa ami chuoni Dodoma wakapendana. Ndiyo iliyowarudisha wazee. Siku ya posa ami alilia, mama alilia, na ami akasema shamba la Pangani anawapa maharusi, lisigombewe tena. Harusi ni Mfunguo Mosi. Vitenge vya sare vimeshanunuliwa.

Shida ni mimi. Mwaka jana nilikuwa nikipanda ngazi za kazini kifua kinabana. Nikaenda hospitali. Daktari alinipima damu, kisha akanivua kiatu, akanibinya ile kano ya nyuma ya kisigino, akasema imenenepa. Akanimulika macho akaniambia nina duara la rangi ya majivu limezunguka mboni. Nilishikwa na ubaridi, kwa sababu baba alikuwa na macho hayo hayo. Watu walikuwa wakimtania kwamba kavaa pete machoni. Kolestro yangu ile mbaya ilikuwa 8.1. Daktari akauliza, "Baba yako yuko hai?"

Alinieleza kwamba ni ugonjwa wa kurithi, kwamba nimeutoa kwa mzazi na kila ndugu yangu ana nusu kwa nusu ya kuwa nao. Nikamkumbuka mdogo wangu. Ana vinundu vigumu juu ya vifundo vya vidole, sisi wote tunasema ni vya ugolikipa. Ni mwembamba kama ufito. Babu mzaa baba naye alipooza upande kwa kiharusi, kwa hiyo ni ukoo mzima. Daktari alisema nikija tena nije na watoto, mmoja ana miaka 11, mwingine 7. Sijawapeleka bado.

Nilipomweleza mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ya hospitali yaishie hospitali. Unataka watu waseme ukoo wetu una mdudu? Nani ataoa kwetu?" Akanipa habati sauda na kunikataza nisimwambie mtu mpaka harusi ipite. Nikienda kwake vidonge vyangu naviweka kwenye mkebe wa udi asivione.

Nimesoma kwenye simu kwamba wakioana watu wawili wenye ugonjwa huu watoto wao hufa wadogo. Mama, nimvunjie mdogo wangu harusi? Nimwendee ami? Au ninyamaze kama nilivyoamriwa? Na nikinyamaza, nina dhambi?

Dada mkubwa, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa kifua, pole kwa siri. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimsoma bibi harusi na shamba la Pangani. Mara ya pili nikaona kwamba watoto wako umewapa sentensi mbili fupi, tena ya pili ina maneno mawili tu: "Sijawapeleka bado." Nitarudi hapo. Kwanza tuufungue mzigo, kwa sababu naona umefunga fundo moja vitu ambavyo si vya fundo moja.

Ulichoambiwa na daktari ni kolestro ya juu ya kurithi. Kolestro, au lehemu kama vitabu vinavyoiita, inahitajika mwilini, na kazi ya kuidaka ile iliyozidi kwenye damu hufanywa zaidi na ini. Ini lina vipokezi vinavyoinyakua inapopita. Mwenye ugonjwa wenu amezaliwa na kinasaba kimoja, yaani chembe ya urithi kutoka kwa mzazi, chenye hitilafu, kwa hiyo vipokezi vyake vinavyofanya kazi ni kama nusu ya vya wengine. Kolestro inabaki inazunguka tangu yuko tumboni mwa mama yake, mwaka baada ya mwaka inajipaka kwenye kuta za mishipa, na nyingine inajikusanya kwenye kano na pembeni ya mboni ya jicho. Ndiyo maana wembamba haumkingi mtu, wala kupanda minazi. Watu wetu tumezoea kwamba kolestro ni ya wanene na wala nyama choma. Habati sauda ya mama kula tu, haitakugombanisha na mtu, lakini haiwezi kuliotesha ini vipokezi ambalo halikuzaliwa navyo.

Wala msijione mmeteuliwa. Hesabu inayotajwa duniani ni kama mtu mmoja katika kila 250, na wengi wao hawajui. Mchukue basi dogo ulihesabu abiria, halafu zidisha mara kumi: humo kuna mmoja kama wewe.

Sasa niruhusu nikuulize juu ya yale unayoyachukua kama yameshathibitika. Umesema babu alipata kiharusi, "kwa hiyo ni ukoo mzima." Inawezekana. Lakini ugonjwa huu hasa hukamata mishipa ya moyo, na kinachowaangusha watu wengi zaidi kwa kiharusi ni presha, ambayo nayo hupita kwenye koo kwa njia zake. Huenda babu alikuwa na presha tu. Hilo halikupunguzii kitu, linakuongezea: nawe pima presha, usije ukatazama mlango mmoja mwizi akaingilia mwingine.

Ami je? Unamhesabu kuwa anao. Mishipa kuziba na miaka 51, ndugu yake kafa na 42, kweli inatia shaka. Ila mtu wa umri ule anaweza kuziba mishipa kwa kisukari, kwa presha, kwa sigara. Binti yake naye, hata kama baba yake anacho kinasaba hicho, ana nusu ya kukirithi na nusu ya kutokirithi. Umeshamwozesha msichana ugonjwa kabla hajaolewa na mdogo wako! Kipimo cha damu cha kawaida cha kolestro, kile kile ulichopimwa wewe, kingesema mengi. Kwa mtu mzima ile kolestro mbaya ikipita 4.9 (milimoli kwa lita, kipimo kile kile cha 8.1 yako), na ukoo ni kama wenu, daktari huanza kufikiria ugonjwa huu. Haihitaji mashine ya vinasaba ya Ulaya.

Na lile ulilolisoma kwenye simu lina ukweli ndani yake, ila limekufikia bila hesabu zake. Kama mdogo wako na binti ami wote wanacho, kila mimba ina robo ya kupata mtoto asiye nacho kabisa, nusu ya mtoto mwenye kimoja kama wewe, na robo ya mtoto mwenye viwili. Huyo wa viwili ndiye anayetisha. Kolestro yake mara nyingi hupita 13, vinundu humtoka angali mtoto, na asipotibiwa moyo unaweza kumsumbua kabla hajafika miaka 20. Matibabu yapo, dawa kali kadhaa kwa pamoja na mashine ya kuchuja damu kila wiki moja au mbili, lakini ni ya gharama kubwa na kwetu hayapatikani kirahisi. Sitakufunika macho kwa hilo. Daktari Khachadurian wa Beirut aliionyesha tofauti hii ya kimoja na viwili mwaka 1964, kwa kuzichunguza familia za Lebanoni, nchi ambayo binamu huoana kama pwani yetu. Ndoa ya damu haiuzai ugonjwa. Inachofanya ni kuongeza uwezekano wa vinasaba viwili vinavyofanana kukutana. Mdogo wako hata akioa mtu wa Bukoba asiyehusiana naye kwa lolote, kama anacho, nusu kwa nusu ya kila mtoto iko pale pale.

Kwa hiyo hebu tuiweke harusi pembeni kidogo tumtazame yeye mwenyewe. Ana miaka 29. Wanaume wenye ugonjwa huu wasiotibiwa, karibu nusu yao moyo huwa umeshawapiga kabla ya miaka 50. Wanawake, kama 30 katika kila 100 kabla ya 60. Vinundu vya kwenye vidole sisi tulio mbali hatuwezi kuvitolea hukumu, pengine kweli ni vya ugolikipa. Lakini aoe asioe, na aoe yeyote, damu yake ni ya kupimwa. Nakuuliza: kama kusingekuwa na posa wala shamba, ungeogopa kumwambia?

Nadhani usingeogopa. Kinachokuziba mdomo ni mama, na mama ningependa tumwelewe kabla ya kumlaumu. Anakwambia anaogopa watu. Sawa, na ni hofu ya kweli, wewe una watoto na ami ana binti, na maneno ya mtaani hayana dawa hospitalini. Ila naona kuna jambo ambalo hakulisema, na huenda hata yeye hajalitazama. Miaka kumi na tisa amelala na kuamka akijua nani alimuua mumewe. Wewe umekuja na karatasi ya maabara inayosema kwamba hakuna aliyemuua. Pete ile ya machoni ilikuwepo kabla ya ugomvi wa minazi. Vijibomba vya India havikuwa malipo, vilikuwa huenda ni ugonjwa ule ule wa kaka yake. Maana yake ami alisusiwa miaka yote hiyo kwa jambo ambalo hakulifanya, na aliyeshika bango ni mama. Mwanamke aliyekuwa mjane na watoto wadogo, akashika sababu moja ili asiwe mwendawazimu, leo bintiye anaitaka ile sababu airudishe. Ungekuwa wewe ungenyamaza kitambo gani?

Silisemi hili ili umkabili nalo. Nalisema kwa sababu habari unayoiona kama kisu cha kukatia harusi ina upande mwingine: ni hiyo hiyo inayomsafisha ami.

Njia zako ni hizi nizionazo mimi, na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kunyamaza hadi harusi ipite, kama mama alivyotaka. Utalinda furaha ya miezi michache na amani ya mzee. Lakini mimba kwetu haingoji fungate iishe, na siku mdogo wako au mkewe atakapokuuliza, "Dada, ulijua?", utamjibu nini? Hilo mimi siwezi kulijibu kwa niaba yako. Wapo waliobeba swali kama hilo wakaishi nalo, na wapo lililowavunja.

Unaweza kumwendea ami. Ana moyo unaotibiwa tayari, pengine kwake haitakuwa ajabu hata kidogo, pengine madaktari wake walishamwambia naye akakaa kimya kwa sababu zake. Tatizo ni kwamba utakuwa umempita mama, umempita mdogo wako, na umepeleka habari ya mwana kwa baba mkwe kabla mwana mwenyewe hajaijua. Hata kwa nia njema, hilo linaweza kusomeka vibaya.

Unaweza kumwambia mdogo wako. Hapa naomba utofautishe vitu viwili. Ugonjwa wake si wako kuutangaza, hata hamjui kama anao. Ugonjwa wako ni wako. Mama ana haki ya kukuomba ustahi, lakini kifua kilichobana ngazini ni chako, na kumwambia ndugu yako wa tumbo moja, "Mimi nimekutwa na hiki, daktari kasema nawe upime," si kuvunja siri ya mtu. Baada ya hapo kijiti kinakuwa mkononi mwake: apime, amwambie mchumba wake, wapime wote, waoane, waahirishe, waamue kuhusu watoto wakijua wanachokiamua. Wapo watakaoendelea na ndoa, na si wajinga. Hatari ya njia hii ni kwamba huwezi kuchagua atakachofanya. Anaweza kukasirika, anaweza kumkimbilia mama, anaweza kuvunja posa kwa woga bila hata kupima, na anaweza pia kuamua kukaa kimya mbele ya msichana. Hili la mwisho likitokea utajikuta ndani ya siri kubwa kuliko ya sasa. Ukienda kwake, fikiria kwanza utasema nini akikwambia, "Asante dada, lakini asijue."

Ipo njia ya katikati ambayo madaktari wa moyo wanaijua. Mtu mmoja akigundulika, daktari huandika barua kwa ndugu wa damu kueleza kwamba kuna ugonjwa wa kurithi katika familia na wanashauriwa wapime. Barua hiyo inaweza kwenda kwenu na kwa akina ami, bila kumtaja bwana wala bibi harusi. Muulize daktari wako, na kama utamwona amebanwa na muda, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ina mabingwa wa moyo unaoweza kuzungumza nao. Siku hizi wachumba wengi hupima VVU kabla ya ndoa, na wengine selimundu, kwa hiyo kuongeza kolestro si kioja. Lakini msiwapime kwa hila. Mtu aambiwe anapimwa nini na kwa nini.

Sasa watoto wako. Mwanangu, sikulaumu. Nilivyokusoma, harusi ya mdogo wako inakupa kitu cha kuogopa ili usiogope kingine kilicho karibu zaidi. Kila mmoja wao ana nusu kwa nusu, ambayo pia ina maana kwamba inawezekana hata mmoja hana. Watoto wa ukoo kama wenu hupimwa kuanzia miaka mitano hadi kumi hivi, na anayekutwa nao huanzishiwa dawa akiwa na miaka minane hadi kumi, chini ya uangalizi. Hapo ndipo penye habari njema ambayo naona hakuna aliyekupa: wanaoanza mapema, wasiovuta sigara, wengi hutarajia umri kama wa watu wengine. Baba yako hakuwa na bahati hiyo. Dawa za aina unazokunywa zilianza na kuvu. Mjapani Akira Endo ndiye aliyeipata ya kwanza katika miaka ya 1970, na hospitalini zilianza kutumika mwaka 1987. Mwaka 2001 zilikuwepo duniani, ila hapakuwa na mtu Tanga wa kumvua baba yako kiatu na kumbinya kisigino.

Basi vidonge vile usiviache hata ukijisikia mzima. Ukihisi misuli inauma isivyo kawaida, mwambie daktari, usijikatie mwenyewe. Na kama bado mnatarajia mtoto wa tatu, mweleze kabla hujashika mimba, kwani kwa kawaida dawa hizi husimamishwa.

Hukuniambia kama mumeo anajua. Umeandika tu kwamba amelala. Kama hajui, watoto ni wake pia, na safari ya kwenda maabara ni fupi zaidi mkiwa wawili.

La dhambi siliwezi, mwanangu, muulize shehe unayemwamini, na ukienda mwelezee yote, pamoja na ile miaka kumi na tisa ya ami. Mimi ninalolijua ni dogo: kipimo cha kwanza cha watoto si lazima wakae na njaa, unaweza kuwapitisha wakitoka shule. Ukishapata majibu yao niandikie, hata kama la harusi bado hujaliamua.

Mama Mshauri